Neno "Shusha" na Jeti ya Mzee Natvarlal

CHAMA CHA JETI NDOGO, GEREZANI NA KARIAKOO

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOANZA JUMAMOSI TAREHE 14 JUNI 2025, NYUMBANI KWA MZEE NATVARLAL, GHOROFA YA PILI, MCHAFUKOGE, NA KUMALIZIKIA UWANJANI KESHO YAKE

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Augustino – Mwenyekiti
2. Bi. Anifa – Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Mzee Natvarlal – Mlezi wa chama na mwenye ndege
4. Bi. Leticia – Rubani
5. Bw. Beno – Msemaji wa rubani
6. Bw. Samson – Fundi wa injini na mshika mtungi wa kuzimia moto

MWALIKWA
Mama Shobhana – mke wa Mlezi, mwenye nyumba na mwenye kachori

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Pantaleo – Mweka Hazina. Alituma ujumbe kwamba anashusha mzigo.
2. Bw. Tushar – Mjumbe. Hakutoa taarifa. Bw. Samson alieleza kwamba alimwona Jangwani mchana akiwa amevaa jezi. Kikao kilielewa.

KUMB. NA. 1/DH/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi jioni kwa kuwashukuru wajumbe. Alieleza umuhimu wa umoja, kisha historia ya chama, kisha historia ya injini ya jeti duniani tangu mwanzo. Alipofika kwenye vita kuu ya pili, Katibu alimkumbusha kwamba chai inapoa. Mwenyekiti alisema anamalizia. Alimalizia baadaye sana.

Kwa faida ya wajumbe wapya watakaosoma kumbukumbu hizi, Katibu anaweka wazi kwamba chama hiki si cha midoli. Ndege ya Mzee Natvarlal ina urefu wa meza ya kulia chakula, na ndani yake mna injini ya jeti ya kweli inayokunywa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili. Ikiwaka, mazungumzo yote yanakoma. Rubani husimama chini na rimoti kifuani. Ubavuni kwake husimama msemaji, ambaye kazi yake ni kutazama kila kitu na kumwambia rubani asichokiona, maana rubani haruhusiwi kuondoa macho kwenye ndege hata akiumwa na siafu. Kwa hiyo rubani anaishi kwa maneno ya msemaji wake. Hilo likieleweka, mengine yote yataeleweka.

KUMB. NA. 2/DH/2025: AGENDA

Agenda ilikuwa moja: je, Bi. Leticia aendelee kushika rimoti kwenye onyesho letu la kwanza la wazi, tarehe 29 Juni, au rimoti apewe mtu mwingine, kufuatia tukio la Jumapili iliyopita?

Mwenyekiti alitaka iongezwe agenda ya fulana za chama zenye picha ya viongozi. Haikuongezwa.

KUMB. NA. 3/DH/2025: TAARIFA YA TUKIO

Bw. Samson, ambaye hutengeneza pampu za dizeli Gerezani na ndiye anayeifunga na kuifungua injini yetu, alitoa taarifa. Alieleza kwamba Jumapili tarehe 8 injini iliwaka vizuri, joto lake lilikuwa la kawaida, na mpira wa mafuta haukuwa na mapovu hata moja. Ndege iliruka, ikazunguka uwanja, ikalala chali angani kwa utaratibu na kurudi sawa. Watu walifurahi.

Ndege ilipokuwa inarudi kutua, Bw. Beno alisema, "Shusha." Bi. Leticia akapunguza moto wa injini. Bw. Beno akasema tena, kwa sauti zaidi, "Shusha, dada." Bi. Leticia akapunguza moto mpaka mwisho. Hapo Bw. Beno akapiga kelele ambayo Katibu, aliyekuwa kwenye gari anatafuta maji ya kunywa, aliisikia kwa ukamilifu: "Shusha yote!" Bi. Leticia akavuta swichi ya mwisho kabisa, ile ya kuzimia injini. Injini ikazimika ndege ikiwa hewani.

Bw. Samson alifafanua kwamba jeti isiyo na injini haielei kama tiara. Inashuka kama mtu aliyekosea ngazi. Pamoja na hayo, Bi. Leticia aliizungusha, akaileta upande wa majani, akailaza kwa tumbo. Hasara ilikuwa tumbo kuchubuka na kibao kinachofunika gurudumu la mbele kuvunjika. Bw. Samson alieleza kwamba kibao hicho ameshakitengeneza upya, na kwamba ndege iko tayari.

Kwa kuwa ubishi wote ulihusu maneno yaliyosemwa, Mlezi alielekeza kwamba katika kikao hiki Katibu aandike maneno ya wajumbe kama yalivyotoka midomoni mwao. Katibu alitekeleza kwa furaha.

KUMB. NA. 4/DH/2025: MJADALA

Mwenyekiti alieleza kwamba rubani mzoefu hupima neno kabla ya kulitii. Alieleza kwamba onyesho la tarehe 29 litakuwa na watoto, wazazi na viongozi wa mitaa, na jina la chama liko hatarini. Kwa moyo mzito, alijitolea kushika rimoti yeye mwenyewe siku hiyo. Katibu alimtazama usoni na hakuuona uzito huo.

Bw. Beno, ambaye sasa anauza mabegi Mtaa wa Kongo lakini zamani alikuwa konda, alisimama kujitetea bila kuombwa. Alisema:

"Mimi nimekuwa konda miaka yangu yote ya ujana. Konda akisema shusha, maana yake ni moja tu: kilichoko ndani kitoke nje. Magurudumu yalikuwa ndani. Nikataka yatoke nje. Sasa hapo kosa langu liko wapi?"

Bw. Samson alimuuliza, ilikuwaje akasema "shusha yote".

"Magurudumu ni matatu," alijibu Bw. Beno. "Ulitaka nishushe mawili?"

Bw. Samson alisema kwamba kwake yeye, mtu wa injini, "shusha" ni kupunguza moto, na hata yeye angekuwa na rimoti angefanya kama Bi. Leticia. Mwenyekiti alisema kwamba kwa mujibu wa vitabu alivyosoma, kinachoshushwa wakati wa kutua ni vile vibao vya nyuma ya mbawa. Katibu, ambaye anauza vitenge, alisema kwamba yeye akisikia neno hilo anajua mteja anataka bei ipungue, na jibu lake huwa ni hapana. Mama Shobhana, aliyekuwa anapita na sinia la kachori, alisema kwamba neno hilo kwake ni la sufuria inayotaka kuunguza wali, na akashangaa linafanya nini angani.

Hapo ndipo Bw. Samson alipoomba usomwe upya ujumbe wa Mweka Hazina wa kutohudhuria. Katibu aliusoma: "Samahanini, nashusha mzigo." Kikao kilisimama kwa kicheko kwa muda, na Mwenyekiti alipaliwa na chai akapigwapigwa mgongoni na Bw. Beno, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Utulivu uliporejea, Mlezi alitaka kumsikia Bi. Leticia, ambaye hadi wakati huo hakuwa amechangia neno. Bi. Leticia ni fundi cherehani wa mapazia. Alianza kuja dukani kwa Mzee Natvarlal kununua zipu na nyuzi, akaiona ndege imening'inizwa juu ya kaunta, akauliza inaruka kweli au ni pambo. Miaka mitatu baadaye ndiye anayeirusha. Alisema:

"Shikamoo Mzee. Mimi sina maneno mengi. Nilisikia 'yote', nikashusha yote. Kaka Beno ndiye macho yangu pale, siwezi kuanza kubishana na macho yangu ndege ikiwa inakuja. Ila nawaomba kitu kimoja. Mama yangu ameshakata tiketi ya basi kutoka Songea kwa ajili ya hilo onyesho. Ameshaitangazia jumuiya nzima kwamba mwanawe anarusha jeti. Akifika akanikuta nimemshikia Mwenyekiti mwavuli, nitamwambia nini?"

Mlezi alijibu marahaba. Katibu anakiri kwamba hapo kalamu yake ilisimama kidogo, maana anamfahamu mama mzazi wa Bi. Leticia, Mama Agnesi, kwa simu, na anajua jinsi mama huyo anavyolitamka neno "jeti", taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu.

KUMB. NA. 5/DH/2025: JARIBIO LA KOMPYUTA NA KAULI YA MLEZI

Mwenyekiti alieleza kwamba anamhurumia mzazi, lakini kutua salama kwa Jumapili ile kulikuwa ni bahati tu, na chama hakiendeshwi kwa bahati.

Mlezi hakubishana. Aliomba iletwe kompyuta yenye mchezo tunaotumia kujifunzia, akachagua ndege inayofanana na yake, akaipandisha juu, kisha akaizima injini na kumpa Mwenyekiti rimoti. Alimwambia, "Karibu, bwana. Ilete nyumbani."

Mara ya kwanza Mwenyekiti alitua juu ya mti. Mara ya pili alitua ziwani, ingawa Bw. Samson alisema hakujua kwamba mchezo ule una ziwa. Mara ya tatu ndege ilifika uwanjani kweli, ila kwa mgongo. Mwenyekiti alieleza kwamba kiti kilikuwa kifupi.

Kisha Mlezi alitoa kauli yake, ambayo Katibu anaiweka yote:

"Ndugu Augustino, mimi macho yangu siku hizi yananionyesha ndege mbili pale ilipo moja, na zote mbili ziko kwenye ukungu. Jumapili nilisimama pale nasikiliza tu. Injini iliponyamaza nikajua ndege imekwisha. Niliijenga hiyo ndege chumba kile pale, Shobhana ni shahidi, alikuwa ananipa chakula dirishani kwa sababu ya harufu ya gundi. Nikasubiri kishindo. Hakikuja. Nikauliza, iko wapi? Nikaambiwa iko kwenye majani, imelala. Sasa mtu aliyeniletea ndege yangu bila injini, nimnyang'anye rimoti kwa kosa gani? La kusikia vizuri alichoambiwa?"

Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba anaheshimu kauli ya Mlezi lakini msimamo wake uko palepale. Imeandikwa.

Ili kuepusha kura ambayo ingeacha vinyongo, Bw. Samson alipendekeza ndege irushwe kesho yake asubuhi, kibali cha kuruka kikiwa bado hakijaisha muda. Ikirudi imesimama kwa magurudumu yake yote na injini ikiwa hai, Bi. Leticia atarusha kwenye onyesho na neno hili halitajadiliwa tena. Isiporudi hivyo, rimoti itakwenda kwa Mwenyekiti.

Wajumbe wote walikubali. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Bi. Leticia.

KUMB. NA. 6/DH/2025: MANENO MAPYA YA UWANJANI

Iliamuliwa kwamba kuanzia sasa kila kitu kwenye ndege kitakuwa na neno lake, na neno moja halitagawiwa kazi mbili. Magurudumu yataitwa "miguu". Nguvu ya injini itaitwa "moto", na itasemwa "moto juu" au "moto chini". Vile vibao vya nyuma ya mbawa vitaitwa "vibao", jambo ambalo Mwenyekiti alilipokea kama ushindi. Neno "zima" ni mwiko kwa msemaji. Atalisema rubani peke yake, ndege ikiwa chini.

Bw. Samson alieleza kwamba ameshaihamisha swichi ya kuzimia injini kwenye rimoti. Zamani ilikuwa pembeni mwa kijiti cha moto, kidole kikiteleza tu umeimaliza. Sasa iko juu upande wa kushoto na ina kifuniko ambacho lazima mtu akifunue kwa makusudi. Alieleza pia kwamba ameipima ndege upya tenki likiwa tupu, kwa kuwa kibao kipya cha gurudumu la mbele kimeongeza uzito puani, akasogeza betri nyuma kidogo mpaka ikatulia sawasawa juu ya vidole viwili.

Neno "shusha" lilipigwa marufuku uwanjani kwa matumizi yoyote. Bw. Beno aliuliza, je, kesho tukifika, ndege tutaifanyaje kutoka kwenye gari? Baada ya majadiliano marefu kuliko Katibu alivyotegemea, iliamuliwa kwamba itatolewa.

KUMB. NA. 7/DH/2025: MENGINEYO

Mama Shobhana alieleza kwamba majirani wa ghorofa ya tatu wanalalamikia harufu ya mafuta ya taa kwenye ngazi, na kwamba wiki hii alilazimika kuwaambia kuwa mumewe anapaka dawa ya mgongo. Alisema hataki kusema uongo wa pili. Iliamuliwa kwamba madumu yahamie karakana ya Bw. Samson Gerezani, na kwamba Mwenyekiti na Bw. Beno wayabebe pamoja, ili wapate nafasi ya kuzungumza.

Walipoondoka na madumu walikuwa hawazungumzi. Kikao kiliahirishwa hadi Jumapili asubuhi.

KUMB. NA. 8/DH/2025: MWENDELEZO WA KIKAO UWANJANI

Kikao kiliendelea Jumapili tarehe 15 Juni saa tatu asubuhi kwenye uwanja wetu nje ya mji, upande wa Kisarawe. Mahudhurio yalikuwa yaleyale, ukiongeza Mama Shobhana aliyesema amekuja kwa ajili ya hewa safi tu, na Bw. Tushar, ambaye timu yake ilikuwa imeshinda na kwa hiyo alikuwa tayari kuombwa radhi na kila mtu.

Bw. Beno alifika na kusalimia kwa kupunga mkono. Alipoulizwa kulikoni, alitoa mlio kama wa mlango mkavu. Ilibainika kwamba baada ya kujitetea jana kikaoni alirudi Mtaa wa Kongo kuita wateja wa Jumamosi jioni, na sauti yote ameiacha huko. Bw. Tushar alishauri tangawizi. Mama Shobhana alikuwa nayo kwenye chupa ya chai. Haikusaidia.

Hali hii ilileta mtihani, kwa kuwa hakuna kuruka bila msemaji. Bw. Samson hawezi kuuacha mtungi wa kuzimia moto. Mlezi haoni mbali. Bw. Tushar hajawahi kufundishwa kazi hiyo. Katibu anaandika. Macho yote yakamgeukia Mwenyekiti.

Mwenyekiti alieleza kwamba haitakuwa haki, kwa kuwa yeye ana maslahi kwenye matokeo. Bi. Leticia alisema, "Mwenyekiti, mimi nakuamini. Ila uniambie kwa kifupi."

Katibu anaandika hili bila chumvi. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaenda kusimama ubavuni kwa Bi. Leticia.

KUMB. NA. 9/DH/2025: KURUKA NA KUTUA

Bw. Samson alikagua kila kibao kinachocheza, akaenda mbali na ndege akiwa na rimoti kupima mawasiliano, kisha akatoa ishara. Injini ilianza kwa ule mvumo mdogo kama wa feni ya dukani, ikashika moto, ikapanda, halafu ikatulia kwenye mngurumo wa chini ambao mafundi wanauita sailensa. Harufu ya mafuta ya taa ikatujaa puani. Mlezi alifumba macho na kutabasamu. Alisema ameijua hiyo sauti, ni ya injini iliyo nzima.

Ndege iliondoka bila kusitasita. Katibu ameishuhudia ikiruka mara nyingi, na kila mara moyo wake unaruka nayo, hilo hawezi kulificha kwa sababu ya taratibu za uandishi. Ilipita mbele yetu chini, nyekundu na nyeupe, na sauti ikaifuata nyuma.

Mchango wa kwanza wa Mwenyekiti kama msemaji ulikuwa huu: "Bi. Leticia, kwa mtazamo wangu nadhani sasa ungekuwa ni wakati mwafaka wa kuanza kufikiria kugeuka kuelekea..." Ndege ilikuwa imeshageuka, imeshapita, na iko upande wa pili wa uwanja. Bw. Beno, kwa kukosa sauti, alimkanyaga Mwenyekiti mguu.

Mchango wa pili ulikuwa mfupi. Wa tatu ulikuwa neno moja. Kufikia mzunguko wa tano Mwenyekiti alikuwa anasema "kulia", "ndege wa porini, juu", "upepo kushoto", na Bi. Leticia anajibu kwa mikono yake, na jeti inalala, inainuka, inachora duara kubwa juu ya mikorosho na kurudi. Mama Shobhana aliyekuja kwa ajili ya hewa safi alikuwa anapiga makofi. Bw. Tushar alimsimulia Mlezi kila kitu sikioni, kwa mtindo wa watangazaji wa mpira, hata Mlezi akauliza nani anaongoza.

Rimoti ilitoa mlio wa kuonya kwamba mafuta yanakaribia kiwango cha kurudi. Bi. Leticia aliielekeza ndege kutua. Mwenyekiti alisema, "Miguu." Ni miongoni mwa michango mifupi zaidi aliyowahi kutoa tangu chama kianzishwe. Bi. Leticia aligusa swichi.

Magurudumu mawili ya nyuma yalitoka. La mbele halikutoka.

Bi. Leticia hakuweza kulijua hilo. Ndege ilikuwa inamjia usoni na jua nyuma yake, naye alikuwa anatazama mbawa tu. Bw. Samson aliliona, akabaki amekumbatia mtungi. Bw. Beno aliliona, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Katibu anaomba wajumbe waelewe mahali tulipokuwa wakati ule. Mwenyekiti angenyamaza sekunde chache tu, ndege ingetua kwa pua, na rimoti ya onyesho ingekuwa yake kwa makubaliano aliyoyanyooshea mkono mwenyewe. Hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza hata kusema alikuwa anapima maneno.

Mwenyekiti alisema, "Pua bado. Moto juu."

Bi. Leticia alipandisha moto saa hiyohiyo. Ndege ilipita juu yetu ikipiga kelele na kupanda tena. Alikunja miguu, akaitoa. Mwenyekiti: "Bado." Akaikunja, akaiinua pua kwa nguvu ili gurudumu lisukumwe na uzito wake, akaitoa tena. Rimoti ililia mara ya pili kwa ajili ya mafuta. Mlezi aliuliza, "Bado?" na Bw. Tushar, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatangaza kwa neno moja: "Bado."

Mwenyekiti alisema, "Tatu. Miguu mitatu. Njoo, mwanangu."

Maneno mawili ya mwisho hayamo kwenye orodha tuliyoipitisha. Katibu ameyaacha yabaki.

Bi. Leticia aliileta taratibu, moto chini, vibao nje. Magurudumu ya nyuma yaligusa, ndege ikatembea hivyo pua ikiwa juu, kisha pua nayo ikainama na kugusa. Kibao kipya cha Bw. Samson cha gurudumu la mbele, ambacho ndicho kilichokuwa kimekwama, kilining'inia kidogo na kuanguka kwenye vumbi. Bw. Samson alisema atakipiga msasa. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa Bw. Beno alikuwa amembeba Mwenyekiti juujuu.

Bi. Leticia hakushangilia. Alikuwa bado na kazi. Aliiendesha ndege kwa magurudumu yake njia nzima, injini ikinguruma kwa chini, akaigeuza, akaileta polepole mpaka mbele ya kiti cha Mzee Natvarlal na kuisimamisha ubavu ukiwa umemwelekea, moto ukiwa umegeukia porini. Kisha akapiga magoti kando ya kiti, akaiweka rimoti kwenye mapaja ya Mzee, akakishika kidole gumba chake na kukipeleka juu upande wa kushoto, akakifunua kile kifuniko.

Mzee aliisikiliza injini kwa muda. Hakuna aliyemharakisha, ingawa mafuta yalikuwa yanakwisha.

"Iko nzima?" aliuliza.

"Imesimama, Mzee. Inakusubiri wewe," alisema Bi. Leticia. Halafu akasema, "Zima."

Mzee aliizima mwenyewe.

Kimya kilichofuata hakikumtisha mtu. Mlezi aliinama mbele, akanyoosha mkono hewani akiutafuta ubavu wa ndege, na Bi. Leticia akauelekeza mkono huo mpaka ulipofika. Mama Shobhana aligeuka upande mwingine na kusema vumbi la huku ni baya. Katibu naye aliliona hilo vumbi.

KUMB. NA. 10/DH/2025: UAMUZI NA KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alieleza kwamba hakuna haja ya kura. Rubani wa onyesho la tarehe 29 Juni ni Bi. Leticia. Msemaji wake atakuwa Bw. Beno kama sauti itakuwa imerudi, na Bw. Beno aliagizwa asiuze mabegi kwa mdomo siku tatu kabla. Alijibu kwa kichwa.

Bi. Leticia aliomba ruhusa ya kupiga simu. Alipiga, akaweka sauti ya nje. Mama Agnesi alipokea kutoka Songea, akasikia makelele yetu yote kwa pamoja, akauliza kuna nini huko, mbona watu wengi. Bi. Leticia alijaribu kujibu, akashindwa kwa sababu alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Mwenyekiti akaipokea simu kwa heshima zote. Wajumbe walijiandaa kwa hotuba.

"Shikamoo mama," alisema Mwenyekiti. "Njoo umwone."

Akarudisha simu.

Kikao kilifungwa saa tano asubuhi, baada ya Bw. Samson kuthibitisha kwamba injini imepoa kiasi cha kushikika kwa mkono.

Imethibitishwa na:

…………………………
Augustino
Mwenyekiti, na kaimu msemaji wa rubani

…………………………
Anifa
Katibu